Msimu wa Kumtafutia Ontlametse Kocha

Kanye, 4 Novemba

Hakuna mvua. Kelebonye, mke wa Ontlametse, amerudi kwao Molepolole na mtoto. Nilikuwa nafagia mbele ya lango nilipomwona anapita na mabegi mawili, Atang akiwa mgongoni ingawa ana miaka minne na anajua kutembea. Nilimuuliza kama Ontlametse amempiga. Akasema hajawahi kumnyanyulia mkono. Nikamuuliza kama kuna mwanamke.

"Afadhali ingekuwa mwanamke, Shangazi," akasema. "Mwanamke ningemjua jina."

Jumamosi alimwachia mumewe mtoto na chungu cha maharage motoni, akaenda dukani. Aliporudi, maharage yalikuwa makaa, nyumba imejaa moshi, mtoto amefungiwa nje analia, na Ontlametse yuko uani kwa jirani anatengeneza redio ambayo hakuna aliyemwomba aitengeneze. Ni mara ya tatu tangu Agosti. "Simchukii," akasema. "Nimechoka kuwa mama wa watoto wawili."

Ontlametse ni mtoto wa marehemu kaka yangu Rapula. Nimemlea tangu ana miaka tisa, na sasa ana thelathini na tisa. Ni mpimaji wa viwanja, mwenye akili kuliko wenzake wote ofisini, na amekwisha kupewa barua mbili za onyo kwa ripoti zisizokamilika.

7 Novemba

Hakuna mvua.

9 Novemba

Ontlametse amekuja na karatasi ya daktari wa Gaborone. Ni ya Julai. Nilimuuliza kwa nini hakunionyesha miezi yote hiyo, akasema alisahau, kisha akacheka peke yake, kwa sababu karatasi yenyewe inahusu kusahau. Inasema ana ADHD, tatizo la umakini ambalo mtu huzaliwa nalo na halimwachi kwa kuwa amekuwa mtu mzima. Daktari amempa vidonge na kumshauri atafute pia kocha, mtu wa kumsaidia kupanga maisha yake ya kila siku. Mimi nilidhani makocha ni wa mpira.

Nilimwambia kwamba katika miaka thelathini na minne ya kufundisha nimeona watoto wengi wa aina hiyo, na fimbo iliwanyoosha.

"Mimi ilininyoosha?" akauliza.

Nikamwambia anywe chai yake kabla haijapoa.

15 Novemba

Mjomba Moagi, ndugu wa mama yake Ontlametse, amerudi kutoka kwa wakwe. Wamekubali kutupokea tarehe 12 Januari, kabla ya jua kuchomoza, kama ilivyo desturi kwa watu wanaokwenda kuomba mke arudi. Kelebonye ametuma neno lake mwenyewe: "Asije na ahadi, ninazo kabati zima. Aje na mtu anayemsaidia."

Basi tuna wiki nane za kumpata huyo mtu. Nimemwambia Ontlametse kwamba nitakwenda naye kila mahali, kwa sababu akienda peke yake atafika siku isiyo yake.

22 Novemba

Tumekwenda Gaborone kumwona wa kwanza, Mma Seloilwe. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, gauni lake limekosa kifungo kimoja, meza yake imejaa vikaratasi vya rangi. Katikati ya mazungumzo alianza kutafuta funguo zake, kumbe zimo mkononi. Alituambia bila aibu kwamba na yeye ana hali hiyohiyo.

Alianza kwa kutaja asiyoyafanya. Haponyi. Si daktari, na hagusi mambo ya vidonge. Wala hatibu huzuni nzito, na akiiona humpeleka mtu kwa wanaoijua. Kazi yake ni kukaa na mtu kila wiki, kuangalia ni wapi siku zake zinapovujia, na kujaribu pamoja naye njia ya kuziba.

Kisha akamgeukia. "Rra, bwana wangu, wewe mwenyewe unataka nini?"

Ontlametse akaanza kuvitazama vikaratasi vya mezani, kimoja kimoja. Nikasema kwamba anataka mke wake arudi na ripoti zake zikamilike.

"Mama, nimemuuliza yeye," akasema Mma Seloilwe, na akaniomba nisubiri barazani. Mimi, niliyekagua shule kumi na saba.

Tulipoondoka alitushauri tuone na wengine kabla ya kuamua. Akatuandikia maswali ya kuwauliza: walijifunza wapi kazi hii, wanaijua vipi hali hii kwa watu wazima, wanashirikianaje na daktari, na itakuwaje mkiona hamuelewani. Nilikikunja kikaratasi nikakitia mkobani. Mchuuzi anayekuelekeza genge la mwenzake, nyanya zake zimeoza. Ndivyo nilivyofikiri.

29 Novemba

Wa pili ni Rra Dikgang. Shati limepigwa pasi, saa kubwa ukutani, vyeti vitano kwenye fremu. Alitufungulia mlango dakika ileile tuliyoahidiana. Anazungumza kwa utaratibu, sentensi zake zina mwanzo na mwisho. Alisema ndani ya siku arobaini Ontlametse atakuwa mtu mwingine. Alitaka malipo yote mwanzoni, kwa sababu, alisema, anayelipa nusunusu hubadilika nusunusu. Vidonge, alisema, ni mkongojo, na mwenye mkongojo hajifunzi kutembea. Hali hii haipo katika nyumba yenye nidhamu.

Kikaratasi cha maswali kilikuwa mkobani mwangu. Sikukitoa. Sikuona haja ya kumhoji mtu anayesema niliyokuwa nikiyasema maisha yangu yote.

Njiani Ontlametse alisema anamtaka Mma Seloilwe. "Yule ameniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa."

"Na ulimjibu?" nikamuuliza.

"Nilikuwa bado nafikiri."

"Soksi zenyewe leo umevaa mbili tofauti. Utaweza kuchagua kocha?"

Tumemchukua Rra Dikgang.

3 Desemba

Tumeanza. Vidonge vya Ontlametse viko kabatini kwangu, havinywi tena, na ufunguo ninao mimi. Kila jioni anakuja na daftari, anaandika makosa yake ya siku, ananisomea kwa sauti akiwa amesimama. Leo yalikuwa kumi na moja.

5 Desemba

Makosa tisa. Hakuna mvua.

9 Desemba

Mvua. Imeanza alfajiri na haijakoma. Mungu ashukuriwe. Makosa kumi na manne.

13 Desemba

Tumelima shambani. Ontlametse alilima upande wa mashariki vizuri sana, mistari imenyooka kama ya daftari. Kisha akaacha trekta inanguruma katikati ya shamba, akaenda kumsaidia mtu ambaye punda wake walikuwa wamenasa kwenye tope. Alirudi baada ya saa mbili, ana furaha, ametapakaa tope hadi nyusi. Nilimwambia akaliandike hilo kwenye daftari. Furaha ikamtoka usoni nikiiona.

18 Desemba

Mjomba Moagi alikuwapo wakati wa daftari. Alisikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake, akasema, "Mwalimu, hata kwenye baraza mtuhumiwa hupewa kiti." Mjomba Moagi hajawahi kuwa mtu wa nidhamu.

24 Desemba

Mtama umeota. Ontlametse hakutaka nyama. Makosa kumi na sita.

31 Desemba

Amekuwa mtulivu. Hazungumzi mezani, haanzi vitu vipya, hachezeshi mguu. Nimempigia simu Rra Dikgang kumwarifu, naye amesema ni dalili njema. Nami nimeona ni dalili njema.

8 Januari

Jua kali. Majani ya mtama yameanza kujikunja. Nimemnyooshea koti lake kwa pasi. Mwanamume asiye na koti haruhusiwi kuketi uwanjani kwa wazee, na sitaki watufukuze kwa jambo dogo.

13 Januari

Naandika ya jana, kwa kuwa jana sikuweza.

Tulipatana kuondoka saa tisa usiku, ili tufike Molepolole kabla ya saa kumi na moja. Gari ni la Ontlametse. Mimi, Mjomba Moagi na wazee wengine wawili, mwanamke na mwanamume, tulikuwa tumekaa barazani kwangu tangu saa nane na nusu, sisi wanawake na shuka zetu mabegani, wanaume na makoti yao. Saa tisa hakuja. Saa tisa na nusu simu haikupokewa. Saa kumi Mjomba Moagi alichukua tochi akaenda kwa miguu.

Alimkuta ameamka. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Alikuwa ameamka tangu saa saba kwa kuogopa kuchelewa. Ameoga, amevaa koti. Alipowasha gari aliona taa moja ya nyuma haiwaki, akaona si heshima kwenda ukweni na gari bovu. Akafungua taa. Kumbe waya umeliwa na panya, akaufuata hadi chini ya kiti, akaondoa kiti. Mjomba alipofika, viti vyote vilikuwa chini kwenye mchanga vimepangwa vizuri, na yeye amelala chini ya gari na koti lake, anamwambia, "Dakika tano tu, Mjomba."

Walirudisha viti, wakaja kutuchukua, na jua likatuchomozea Thamaga, tukiwa bado njiani. Nililitazama likipanda upande wa kulia.

Tulifika saa moja kasoro. Wazee wa wakwe walikuwa wamekwisha kukaa uwanjani, viti vyetu vitupu mbele yao. Hawakutukaribisha. Kijana mmoja alikuja kutuambia tungoje langoni, tukangoja hadi saa nane mchana, tukiwa tumesimama. Watu waliopita kwenda kisimani walitusalimu kwa huruma, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Atang alitokea mara moja kwenye kona ya nyumba akaita, "Baba!" Mwanamke mmoja akamshika mkono akamrudisha ndani.

Mwishowe baba mkwe alikuja mwenyewe. Ni mzee mpole. Alimtazama Ontlametse, grisi kwenye kola, akasema:

"Mwanangu, jua limewatangulia. Sisi tumelipokea lenyewe. Nendeni salama."

Mjomba Moagi aliomba radhi kwa niaba yetu. Mzee akasema hana hasira. Binti yake ndiye aliyeomba apewe siku hii aone, na ameona.

Katika kurudi, tulipopita Moshupa, Ontlametse alisema kwa sauti ya kawaida, bila kunitazama, "Ningekuwa nakunywa vile vidonge, Shangazi, taa ningeiona na ningeiacha."

14 Januari

Nimempelekea vidonge na ufunguo wa kabati pia, ingawa ufunguo hakuuhitaji. Hakufungua mlango. Nimeviacha kwa jirani mwenye redio.

20 Januari

Hakuna mvua. Ontlametse haji.

25 Januari

Nimekwenda peke yangu kwa Mma Seloilwe. Nilimweleza yote kwa mpangilio, tangu kikaratasi mkobani hadi viti mchangani. Nilitarajia kukaripiwa na nilikuwa tayari.

Hakunikaripia. Aliuliza kama Ontlametse amerudi kwa daktari, kwa kuwa vidonge havichezewi, si kwa kuviacha wala kwa kuvirudia. Nikasema sijui. Nikamwomba ampokee, nikasema nitamleta mwenyewe.

"Hapana, Mama. Aje mwenyewe, au asije."

"Atasahau siku."

"Akisahau tutapanga nyingine, na tutaangalia kwa nini alisahau. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukimleta wewe, nitakuwa nakufundisha wewe."

Akanimiminia chai. Kisha akaniuliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyekuwa hivi. Nilianza kusema hapana. Nikamkumbuka kaka yangu Rapula: nyumba aliyoijenga hadi kwenye linta akaiacha, barua zake za kutoka migodini zilizokatika katikati ya ukurasa, nami nikawa namrudishia zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Baadaye akaacha kuandika. Alikufa Rustenburg, na mwezi mzima ulipita kabla hatujajua.

Nilimwambia Mma Seloilwe kwamba alikuwapo mmoja. Chai ilinipoa mkononi.

2 Februari

Mvua kidogo, haikufika mizizini.

11 Februari

Mjomba Moagi anasema Ontlametse amerudi kwa daktari, kisha kwa Mma Seloilwe, peke yake. Mara ya kwanza alifika siku isiyo yake. Mara ya pili alifika. Wamepatana wiki sita, na baada ya hapo kila mmoja yuko huru kusema basi. Rra Dikgang hakurudisha chochote, na mimi sikumwomba.

27 Februari

Ontlametse amekuja. Ameketi kwenye kiti kilekile ambacho nilikuwa simruhusu kukikalia wakati wa daftari. Nilikuwa na hotuba niliyoiandaa kwa wiki sita, lakini ilinijia sentensi moja tu: "Nilikukosea."

"Najua, Shangazi," akasema. Akaomba maziwa ya mgando.

6 Machi

Amenieleza njia waliyoigundua. Kazi ya karatasi humshinda kuanza, lakini akiwapo mtu chumbani, anayefanya shughuli yake na hamsemeshi, mikono yake hukubali. Hawajui kwa nini, ila kwake inafanya kazi. Ofisini mwenzake mmoja hukaa naye asubuhi, na ripoti mbili zimekamilika. Aliniomba nijaribu naye jioni.

Nilikaa. Baada ya dakika kumi nilimwambia anyooshe mgongo. Akafunga faili, akasema, si kwa ukali, "Shangazi, wewe unapokwenda kukaa na mfiwa kwenye godoro, humwambii anyooshe mgongo."

Ni kweli. Nimekaa na wafiwa wangapi katika mji huu, siku nzima, bila kumharakisha hata mmoja.

8 Machi

Nimekaa saa nzima. Sikusema neno.

15 Machi

Ndege wameshambulia mtama. Nimekaa.

19 Machi

Nimekaa. Kunde zinakomaa, tumekosa mtama tu.

3 Aprili

Mwezi mzima Ontlametse hajakosa siku yake na Mma Seloilwe. Ofisini wameondoa barua moja ya onyo. Mjomba Moagi amepeleka salamu kwa wakwe na kuwaeleza haya yote, pamoja na lile la vidonge, na kwamba kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemtaka aseme.

10 Aprili

Kelebonye amekuja mwenyewe. Alinisalimu kwa heshima, akakaa na Ontlametse uani, nami nikataka kuwapisha, lakini yeye akasema nibaki. Alimuuliza kuhusu kocha, naye akamweleza bila kujisifu. Alimwonyesha kengele tatu kwenye simu, na kamba aliyoifunga kwenye mpini wa sufuria, ambayo upande wake wa pili huufunga mkononi mwake mpaka chakula kiive. Kelebonye aliishika ile kamba muda mrefu, akacheka, na kilikuwa kicheko cha kweli. Moyo wangu ulinyanyuka.

Kisha akalia.

"Nimefurahi," akasema. "Kwa kweli nimefurahi kwa ajili yako. Ila mimi tangu Novemba ninalala, Ontla. Usiku mzima. Siamki kunusa moshi. Sikujua kama nilikuwa silali mpaka nilipolala. Sitaki kurudi kukesha."

"Ningekuja mapema," akasema Ontlametse.

"Ungekuja mapema, ningerudi. Alfajiri ile ya Januari nilikuwa nimeshafunga mabegi ya kurudi."

Nilikuwa nimekaa hapo. Nilisikia kila neno.

17 Aprili

Karatasi za talaka zimefika kutoka mahakamani. Ontlametse hatapinga. Lakini lazima ajaze sehemu yake, kurasa saba, kazi yake, nyumba, siku anazoomba kukaa na Atang na jinsi atakavyomtunza siku hizo. Zisipofika kwa karani ifikapo tarehe 30, hakimu ataamua habari za mtoto bila yeye.

24 Aprili

Hajaanza. Karatasi ziko mezani kwake, na amezifunika kwa sahani.

28 Aprili

Amekuja asubuhi na bahasha. "Shangazi, nikalie."

Nilileta ungo wa kunde kavu nikakaa upande wa pili wa meza, nikawa naambua. Yeye akatoa kalamu. Nusu saa hakuandika kitu. Alitazama dirisha, akatazama mikono yangu, akaandika jina lake. Akaandika jina la Kelebonye. Akasimama, akanywa maji, nikajua hatarudi, akarudi.

Nilijua kwamba neno langu moja lingetosha. Ningemuuliza tu kama amesikia mbuzi wamo bustanini, angeinuka, na siku ingekwisha, na kesho pia. Mpaka ukurasa wa tatu nilikuwa na neno hilo mdomoni. Nilikuwa nimekwisha kupanga tuondoke tena saa tisa usiku, safari hii kwa gari la kukodi, niwapigie magoti wakwe kabla ya jua. Mke wake angetuona. Pengine. Nilitaka karatasi zile zilale chini ya sahani hadi mwakani.

Lakini kwenye ukurasa wa nne palikuwa na jina la Atang, na nikamwona anaandika kwa haraka, bila kuinua kichwa: Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi Jumapili, saa kumi jioni. Chini yake akachora kwa mkono jiko, kengele, kamba, na mahali mtoto atakapokaa akimwona, na mahali yeye atakapokaa akimwona mtoto. Ni mchoro wa mpimaji, wenye vipimo.

Nikaendelea kuambua kunde.

Saa saba na robo aliweka kalamu chini. Alizihesabu kurasa, akatia sahihi ya mwisho, akazitia kwenye bahasha na kuilamba. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

"Nimemaliza," akasema.

Tangu ana miaka tisa nimekuwa nikilingoja neno hilo katika nyumba hii. Nilizunguka meza nikamshika kichwa, kama mfiwa anavyoshikwa, na tukakaa hivyo mpaka alipoweza kuinuka kuipeleka.